Waliotembea Kuelekea Jua Linapochomoza

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohamishwa, familia zilizozipokea na viongozi wao, Butembo na Beni



Leo tumekuja na habari ya zamani, habari ya Wachina wa kwanza waliofika Kongo. Tunajua wengine wenu mnajiuliza: mtu aliyekimbia Eringeti au Kainama, Mangina au Kanyabayonga, ana shida ya hema linalovuja, ya mtoto mgonjwa, ya shamba la kakao lililoachwa likiiva bila mwenyewe. Wachina wa mwaka 1892 wanamhusu nini?

Wanatuhusu kwa sababu walikuwa watu walioondolewa kwao na kupelekwa mahali wasipopajua, kwa mpango wa watu wengine. Safari yao inatuonyesha mambo yanayompoteza mtu aliye mbali na kwao, na mambo yanayomwokoa. Inatuonyesha pia jinsi hasira ya wenyeji inavyomwangukia aliyeletwa, huku aliyemleta akilala usingizi wake. Sisi tunaofanya kazi ya amani kati yenu tumeona mambo hayo kwa macho yetu. Wengi wetu nasi tumewahi kulala kwenye nyumba za watu.

Reli ya Matadi

Mto Kongo ni mkubwa, lakini kati ya Kinshasa na Matadi unaanguka katika maporomoko mengi na meli haziwezi kupita. Katika siku za Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya nchi hii kuwa mali yake tangu 1885, kila mzigo ulipita sehemu ile juu ya kichwa cha mtu. Pembe za ndovu na mpira vilishuka kichwani. Bunduki na vyakula vya Wazungu vilipanda kichwani. Hata meli zilifunguliwa vipande vipande zikabebwa na wapagazi. Walikufa wengi, na vijiji vya njiani vikabaki vitupu kwa sababu watu walikimbilia porini.

Ndipo kampuni iliyoongozwa na Mbelgiji Albert Thys ikaanza, mwaka 1890, kujenga reli kutoka Matadi hadi Léopoldville, mji tunaouita Kinshasa leo. Urefu wake ulikuwa karibu kilomita 390. Mwanzo ndio uliokuwa mgumu kuliko yote: mawe, miteremko ya mto Mpozo, mlima wa Palabala, joto na mvua. Kilomita 20 na kidogo za kwanza zilichukua miaka mitatu. Hadi kazi inamalizika mwaka 1898, yalikuwa yamejengwa madaraja ya chuma 99.

Nani alijenga? Wenyeji wa Kongo ya Chini walikuwa wamechoshwa na upagazi. Kampuni ikatafuta mikono mbali: Sierra Leone, Senegali, Gold Coast ambayo leo ni Ghana, na Zanzibar. Septemba 1892 waliletwa watu mia kadhaa kutoka kisiwa cha Barbados, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Waliposhushwa Matadi na kutambua kwamba wako Kongo, wakaasi. Askari wakafyatua risasi, wawili wakafa, wengi wakajeruhiwa. Waliobaki walipelekwa kazini siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1892 walifika Wachina. Walikuwa zaidi ya 500, walioandikishwa Macau, bandari ya pwani ya China iliyokuwa chini ya Wareno. Walivuka bahari mbili kuja kuvunja mawe katika nchi ambayo hawakuijua lugha yake hata moja, wala chakula chake, wala magonjwa yake. Kambi za reli zilijaa malaria, kuhara damu, ndui na beriberi. Vyakula vilikuwa haba. Chikoti ilikuwa kazini kila siku.

Kati ya wale Wachina zaidi ya 500, karibu 300 ama walikufa kazini ama walitoroka na kuingia porini.

Waliotoroka walikwenda wapi?

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Wengi wa waliotoroka hawakuonekana tena. Lakini wachache walikuja kukutwa ndani kabisa ya Kongo, zaidi ya kilomita 800 kutoka walikoanzia. Walikuwa wakitembea kuelekea jua linapochomoza. Walijua kwamba kwao ni mashariki. Walitaka kuvuka Afrika yote hadi pwani ya upande wa pili, na kutoka huko kupata njia ya kurudi nyumbani.

Hawakuwa na ramani. Kati ya Matadi na bahari ya Hindi kuna zaidi ya kilomita 2,500 za misitu, mito na maziwa, na baada ya hapo bado kuna bahari nzima. Walijua jambo moja tu: jua linatoka upande wa nyumbani. Ninyi mnaelewa jambo hilo kuliko watu wengi. Aliyekimbia Eringeti na kufika Butembo, mwamshe usiku wa manane umuulize kwao ni upande gani. Atanyosha mkono bila kukosea.

Mtu hatembei kilomita 800 bila kula. Ama aliiba, ama alifanya kazi, ama alipewa. Sisi tunaamini kwamba katika vijiji vile, ambavyo navyo vilikuwa vikiteswa na askari wa Leopold, walikuwako watu waliomwona mgeni mwenye sura ngeni na lugha ngeni wakampa muhogo na maji. Mama yule hakuandikwa popote. Lakini bila watu kama yeye, wale Wachina wasingefika walipofika.

Reli ilifunguliwa rasmi Julai 1898 kwa sherehe kubwa. Hesabu rasmi ya waliokufa ilisema hivi: Wazungu 132, na watu wengine 1,800. Waandishi wa historia wanaona kwamba idadi ya pili ni ndogo kuliko ukweli. Nasi tunawaomba mzitazame nambari hizo mbili kwa makini. Ya kwanza imehesabiwa mtu kwa mtu, hadi yule wa mwisho. Ya pili inaishia kwa sifuri mbili, kama mtu anayehesabu magunia kwa kukisia.

Mwezi uleule wa Julai 1898, huko Peking, serikali ya Leopold ilitia sahihi mkataba na China. Mkataba ulisema kwamba Wachina wana ruhusa ya kuhamia Kongo, kukaa, kununua mali na kufanya kazi yoyote, wakitendewa kama raia wa nchi inayopendelewa kuliko zote. Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini wale wa 1892 walikuwa wamekwisha kuzikwa kando ya reli, na karatasi haifufui mtu. Nasi tunazo karatasi nzuri: Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu watu waliohamishwa ndani ya nchi yao, za mwaka 1998, na Mkataba wa Kampala wa Umoja wa Afrika wa mwaka 2009. Zinasema mtu aliyehamishwa anayo haki ya kurudi kwa hiari yake, kwa usalama na kwa heshima. Ni wajibu wetu kuzijua na kuzidai wakati watu bado wako hai.

Katika nchi za walowezi

Kongo ya Leopold ilikuwa nchi ya kuchumwa. Tuangalie sasa nchi za walowezi, yaani nchi ambako Wazungu walikuja kukaa, kuchukua ardhi na kuifanya yao. Huko ndiko tunakoona wazi jinsi watu waliohamishwa wanavyogombanishwa na wengine.

Transvaal, katika Afrika ya Kusini ya leo, ilikuwa na migodi mikubwa ya dhahabu. Vita kati ya Waingereza na Makaburu vilipokwisha mwaka 1902, wachimbaji Waafrika hawakurudi kwa wingi, maana mishahara ilikuwa imepunguzwa. Badala ya kuwaongezea Waafrika mshahara, wenye migodi waliomba walete Wachina. Sheria ikapitishwa mwaka 1904. Katika miaka michache waliletwa wanaume zaidi ya 63,000, wengi wao kutoka kaskazini ya China. Walifungiwa katika makambi ya migodi. Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitatu. Walikatazwa kumiliki ardhi, walikatazwa biashara, na kulikuwa na orodha ndefu ya kazi za ufundi ambazo hawakuruhusiwa kuzigusa, kwa sababu zilikuwa za Wazungu. Mkataba ukiisha, ni lazima warudishwe kwao.

Tazameni nani alimchukia nani. Wafanyakazi Wazungu waliwachukia Wachina: watatunyang'anya kazi. Waafrika waliona mshahara wao umeshushwa kwa sababu ya Wachina. Wachina walipopigwa viboko na baadhi yao wakatoroka na kuvamia mashamba kutafuta chakula, Makaburu wakawawinda kwa bunduki. Kila mtu alimtazama Mchina kwa jicho baya. Waliokaa juu na kuhesabu dhahabu walitazamwa na wachache sana. Habari za viboko zilipofika Uingereza zikawa jambo kubwa katika uchaguzi wa mwaka 1906, na serikali mpya ikasimamisha mpango ule. Mwaka 1910 Wachina wa mwisho wa migodi walirudishwa kwao.

Walikuwako pia Wachina wachache waliokuja kwa nauli yao wenyewe, wenye maduka madogo. Mwaka 1904 koloni la Cape lilitunga sheria ya kuwazuia Wachina kuingia. Transvaal nayo, mwaka 1906 na 1907, ilitunga sheria ya kuwaandikisha Waasia wote kwa alama za vidole vyote kumi, kama wahalifu. Wahindi, wakiongozwa na Gandhi, walikataa. Wachina, wakiongozwa na Leung Quinn, walikataa pamoja nao. Januari 1908 Gandhi na Leung Quinn walikuwa gerezani pamoja. Jamii hizo mbili hazikuwa na lugha moja wala dini moja. Lakini walitambua kwamba sheria inayomkandamiza jirani leo itabisha mlango wangu kesho.

Karibu zaidi na sisi kuna Kenya. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, ikafika Kisumu mwaka 1901. Walileta wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,700 walibaki Afrika baada ya kazi. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa Wazungu. Mhindi hakuruhusiwa kupata shamba huko, na Mwafrika aliondolewa. Mhindi akabaki na duka, na kwa miaka mingi mwananchi alimwona yeye ndiye tajiri anayemnyonya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu naye kila siku kwenye kaunta. Mwaka 1972, kwa jirani zetu wa Uganda, ng'ambo ya Kasindi, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliofukuzwa walikuwa pamoja na watu waliozaliwa Kampala na Jinja.

Na hapa kwetu Kivu

Msifikiri kwamba hayo ni mambo ya nchi za watu. Kivu yetu ilikuwa ndiyo sehemu ya Kongo ambayo Wabelgiji walitaka kuifanya nchi ya walowezi, kwa sababu ya baridi yake na udongo wake. Tayari mwaka 1885 amri ya Leopold ilisema kwamba ardhi isiyo na mtu juu yake ni mali ya serikali. Mwitu wa mababu, malisho na shamba lililopumzishwa vyote vikaonekana kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, yenye kazi ya kugawa ardhi na kuwaleta Wazungu wenye mashamba. Kahawa, chai na pareto vikapandwa.

Mashamba na migodi vilihitaji mikono. Kuanzia mwaka 1937 utawala wa Ubelgiji uliendesha mpango wa kuhamisha familia kutoka Rwanda na kuzipeleka Masisi. Mpango ule uliendelea hadi miaka ya 1950, na waliohamishwa walikuwa makumi ya maelfu. Ulichorwa ofisini. Walioupanga walikwisha kurudi kwao Ulaya, wakatuachia swali la ardhi, la mwenyeji na mgeni, la nani raia na nani si raia. Kwa swali hilo watu wa Kivu ya Kaskazini wameuana mara nyingi, na kubwa mno katika mwaka 1993.

Hatusemi kwamba kila vita vya leo vimetoka huko. Wanaochinja watu wa Beni tangu Oktoba 2014 wana makosa yao wenyewe na watajibu. Wanaofukuza watu kwa bunduki Rutshuru, Masisi na Lubero watajibu pia. Tunalosema ni hili: mchukizwe na aliyechora mpango na aliyeshika silaha, msimchukie aliyebebwa kama mzigo.

Tofauti ya jina moja

Kuna kundi lingine la Wachina tunalopenda kulitaja, ili tuone kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, Tanzania, Zambia na China walijenga reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Maelfu ya Wachina walikuja. Walikuja kwa mapatano kati ya nchi huru, walifanya kazi pamoja na Watanzania na Wazambia, na kazi ilipokwisha wakarudi. Kazi ile pia iliua watu. Huko Gongo la Mboto, Dar es Salaam, kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60. Kila kaburi lina jiwe, na kila jiwe lina jina. Hadi leo watu huenda kuweka maua.

Matadi na Gongo la Mboto: Wachina kwa Wachina, reli kwa reli, kifo kwa kifo. Tofauti ni kwamba huku waliletwa kama mikono, na kule walikuja kama watu wenye majina, mkataba unaojulikana na njia ya kurudi.

Sasa sisi ndio wageni kwao

Watu wa Butembo hawahitaji kuelezwa habari za China. Tangu miaka ya 1990 wafanyabiashara wa mji huu wanaijua njia ya Dubai, Hong Kong na Guangzhou. Vitenge, pikipiki, simu, mabati na vifaa vya ujenzi vinatoka huko kwa makontena hadi Mombasa, vinavuka Uganda, vinaingia Kasindi. Mtoto wa Butembo aliyekaa Guangzhou anajua maana ya kuwa mgeni. Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi katika mji ule walitolewa katika nyumba na hoteli zao, wakalala nje, kwa sababu ya uvumi kwamba wao ndio wanaoleta ugonjwa. Simu zilipopigwa nyumbani, sote tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini hasira ile ituulize swali. Hapa kwetu, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, uvumi ulisema kwamba wageni ndio walioleta ugonjwa. Aprili 2019, hapa Butembo, daktari kutoka Kamerun aliyekuja kututibu aliuawa kwa risasi. Na mara ngapi, kwenye barabara zetu, mtu asiyejua Kinande, mwenye sura ambayo vijana hawakuizoea, amezungukwa na umati kabla ya kuulizwa jina? Wengine walikuwa wanakimbia adui yuleyule tunayemkimbia. Leo wako pia Wachina katika machimbo ya dhahabu ya jimbo jirani la Ituri. Kuhusu mito iliyochafuliwa na vibali, maswali yaulizwe kwa sauti kubwa, lakini yaulizwe kwa kampuni na kwa waliotia sahihi, mbele ya sheria. Mfanyakazi aliyesimama kando ya barabara si sahihi ya mtu.

Mambo manne ya kushika

La kwanza ni jina. Waliohesabiwa kwa sifuri mbili walipotea. Viongozi wa kamati, andikeni majina kamili, kijiji alichotoka mtu, watoto wake, na nani amempokea. Andikeni waliofariki pia, na mahali walipozikwa. Orodha isitengenezwe kwa ajili ya jetoni za msaada peke yake. Ndiyo itakayosema siku moja kwamba shamba fulani la Kainama lina mwenyewe. Msiongeze majina ya uongo: orodha yenye uongo humuua aliye mkweli. Na mtunze vizuri karatasi zenu: kadi ya uchaguzi, cheti cha kuzaliwa, karatasi ya shamba.

La pili ni ukweli kuhusu safari. Watu wa Barbados waliasi walipotambua walikofikishwa. Mtu asipande gari, asitie sahihi, asimtoe mtoto wake kwenda kufanya kazi machimboni au mjini bila kujua anapelekwa wapi, na nani, kwa mshahara gani, na atarudije. Viongozi, mkiambiwa kwamba kwenu kumetulia na mnaweza kurudi, tumeni kwanza watu wenu wachache wakaone. Kurudi ni kwa hiari. Anayewaharakisha aeleze sababu zake.

La tatu ni mahali pa kuelekeza hasira. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na mara nyingi nyasi huanza kulaumiana zenyewe kwa zenyewe. Bei ya chumba ikipanda Butembo, mkimbizi analaumiwa. Maji yakikauka kwenye bomba la mtaa, mkimbizi analaumiwa. Msaada ukipewa wakimbizi peke yao, mwenyeji aliyewagawia nusu ya maharage yake anaumia moyoni, na ana sababu. Sisi watu wa mashirika tusikie hilo: msaada uangalie nyumba nzima, aliyepokelewa na aliyepokea. Na ninyi, kabla ya kumlaumu aliye karibu, ulizeni kwanza nani alichora mpango na nani anafaidika.

La nne ni mlango na jembe. Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inampa heshima ya kufanya kazi. Wachina wa Transvaal walikatazwa ardhi, ufundi na biashara, wakabaki kuwa wageni hadi siku ya kuondoka. Mwenye shamba huku Butembo akimpa familia iliyokimbia sehemu ndogo ya kulima kwa msimu mmoja, kwa mapatano yaliyoandikwa mbele ya chefu, pande zote mbili zinajua mwanzo na mwisho wake. Ugomvi mwingi wa ardhi ulianza pale ambapo wema haukuandikwa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

Tunawaachia maswali haya. Mzungumze wakimbizi na wenyeji pamoja, wanawake na vijana wakipewa nafasi ya kusema kwanza.

1. Katika kamati yetu, ni nani asiyeandikwa: mjane, yatima, mtu wa kabila dogo, aliyefika usiku? Tumwandikeje?

2. Mtu tusiyemjua akionekana barabarani, nani anamuuliza maswali, na kwa njia gani, ili umati usijichukulie sheria mkononi?

3. Ni jambo gani linalotugombanisha sasa hivi na familia zilizotupokea? Chanzo chake kiko kwetu, au kiko mahali pengine?

4. Nani kati yetu amewahi kupokelewa na mtu asiyemjua? Jina la mtu huyo ni nani?

Swali la nne lisirukwe. Wale Wachina walitembea zaidi ya kilomita 800 kuelekea jua linapochomoza, na hatulijui jina la hata mmoja wa waliowapa maji. Hapa Butembo, na kule Beni, na Oicha, na Lubero, majina hayo tunayo bado. Tuyataje, tuyaandike karibu na majina ya waliohamishwa, kwenye daftari moja, ili watoto wetu wakija kusoma habari za miaka hii wasikute mauaji peke yake.